Sikula kwa Kujificha

Bi Zaituna amefariki Lisbon, na wiki hiyohiyo Hadia, mjukuu wa dada yangu, akaja kwangu Kengeja na simu mkononi kuniuliza mtu akifika mji ule kwa mara ya kwanza atazame nini na ale nini. Hakuwa na habari ya msiba. Mimi nilishalia alfajiri nikamaliza, na saa ile nilikuwa ukumbini nachambua mchele, kwa hiyo alichokiona ni bibi yake wa kila siku na ungo wake. Hadia anafanya kazi katika hoteli moja huko kaskazini mwa kisiwa chetu cha Pemba, wamempa nafasi ya kozi fupi Ureno, na tangu alipoipata habari hiyo hatulii kwa furaha. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Vyereje, safari yaiva?" Akasema yaiva, imebaki viza tu, na hata hakukaa vizuri akanifungulia simu. Kulikuwa na msichana wa Kizungu anazungumza mbiombio mbele ya mnara, anataja mambo ambayo mgeni wa Lisbon hatakiwi kuyakosa, na Hadia alikuwa ameshayakariri yote. Nikamwambia azime. Mimi nimekaa mwaka mzima katika mji huo, na yule msichana begi lake la safari lilikuwa bado mgongoni.

"Basi nambie weye, bibi," akasema, na akakaa kitako.

Nikamwambia. Mnara ule wa kando ya mto utazame kwa nje, ni mzuri, kisha endelea na safari yako, kwa sababu ndani ni ngazi nyembamba na watu wanaokanyagana, na ukitoka huna ulichokiona isipokuwa migongo ya wenzio. Mto wenyewe ni mpana hata mtu wa kisiwani anaudhani bahari. Mimi siku za mwanzo nilikuwa nachovya kidole nionje kama ni maji ya chumvi. Karibu na hapo kuna jiwe kubwa limechongwa mabaharia wao wa zamani, wamesimama na makofia yao wanatazama mbali, na kila anayetembeza wageni anawaambia kwamba hao ndio waliozigundua pwani zetu. Siku ya kwanza niliyopelekwa pale nilisimama mbele yao nikawaambia kwa Kipemba, kwa sauti, "Nyie ndio wenyewe? Haya, na mie leo nimekugunduweni." Watu waligeuka. Sikujali na hata leo sijali. Watakutajia pia mchezo wao wa ng'ombe. Kwetu Kengeja ng'ombe tunamcheza uwanjani, wanawake wanaimba, na hakatiwi mtu tiketi. Wazee husema mchezo huo tuliachiwa na Wareno. Huenda, lakini nilipouona kule kwao niliondoka na hakika kwamba walioachiwa ndio wanaoujua.

Nilifikaje Ureno, nani alinipeleka, na kwa nini nilikwenda mimi badala ya kaka yangu, hayo nayaacha. Jamaa wa kuyasimulia wapo, na kila mmoja ana yake. Itoshe kwamba nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili na kwamba Bi Zaituna alikuwa mjane wa ami yangu. Alizaliwa kisiwa cha Ibo, kaskazini mwa Msumbiji, na lugha yake ya kwao na yangu ya Pemba zilikutana njiani tukaelewana bila ya taabu. Alikaa ghorofa ya juu kabisa, mtaa wa mlimani ambao hata paka wake hupanda kwa kupumzika. Chumba kilikuwa kimoja cha kulala, kingine cha kuzungumzia ambacho ndicho nilicholala mimi, na jiko ambalo dirisha lake lilitazama uwazi wa katikati ya jengo. Kupitia uwazi huo tuliwasikia majirani wote bila ya kuwaona. Mwanamke wa ghorofa ya pili kutoka chini alikuwa akimgombeza mumewe kila mchana kwa kutia chumvi katika chakula kabla ya kukionja, na maneno yangu ya mwanzo ya Kireno, kabla ya "ahsante" na "habari za asubuhi", yalikuwa ya ugomvi wa chumvi. Bi Zaituna mwenyewe alikula mlango umefungwa makomeo yote. Akikaanga papa huweka tambara chini ya mlango harufu isitoke ngazini. Nilipomuuliza aliniambia, "Hapa mtu hukaa kwake, mwanangu. Ukionekana sana ndipo huanza maswali." Alikuwa ameishi hivyo miaka mingi kuliko umri wangu, na nilimuonea huruma, ingawa wakati ule nilidhani ni hasira.

Kazi nilipata mitaa ya chini, katika nyumba ya wageni ya mwanamke mmoja aitwaye Dona Amelia. Asubuhi nilifagia vyumba na kubadilisha mashuka. Kwa kuwa Kiingereza cha skuli nilikuwa nacho, baada ya muda akaniongezea kazi ya kuwatoa wageni wapya siku yao ya kwanza, niwaonyeshe tramu inaposimama, wapi pa kununulia maji, wapi pa kupigia picha, na mwisho wa yote niwafikishe katika mkahawa wa kaka yake, Senhor Rui, uliokuwa chini ya jengo hilohilo. Mshahara haukuwa kitu. Kitu kilikuwa mkataba, kwa sababu kibali changu cha kuishi pale kilisimama juu ya mkataba ule, na bila ya kibali nisingeweza kuingia chuo cha upishi nilichokuwa nimekubaliwa kuanza mwezi wa tisa. Chuo kile nilikitaka kuliko nilivyotaka kuolewa, na nilitaka kuolewa. Nilipita mbele yake kila nilipopata nafasi, nikawatazama wanafunzi kupitia vioo, na makoti yao meupe na visu vyao vilivyopangwa juu ya meza. Katika ukoo wetu wanawake wote wanajua kupika na hakuna hata mmoja aliyepata kuambiwa kwa maandishi kwamba anajua. Mimi nilitaka kuambiwa.

Hadia alitaka tufike kwenye chakula, nikamwambia chakula cha Lisbon kinaanza na mkate, na mimi mkate ule ulinitia aibu. Wiki yangu ya mwanzo Dona Amelia alinituma nikale kwa kaka yake ili nijue nitakachowasifia wageni. Nilikaa, na kabla sijafungua mdomo Senhor Rui akaweka mbele yangu kikapu cha mkate wa moto, kisahani cha zeituni, jibini kidogo na siagi, kisha akaondoka bila ya neno. Moyo ukanipoa. Nikasema kumbe Wareno nao ni watu, wanamkaribisha mgeni kabla ya kumuuliza anachotaka. Nilikula vyote, maana kuacha alichokukaribishia mtu ni kumvunjia heshima, na alipopita nilimshukuru na kuwaombea wazee wake. Mwisho nikaletewa hesabu, na mle ndani mkate upo, zeituni zipo, jibini ipo, siagi ipo. Nikamwambia sikuagiza. Akanambia, "Lakini umekula." Nilipomhadithia Bi Zaituna alicheka mpaka akajilaza kwenye mkeka. "Ndiyo kwao hivyo," akasema, "mkate ule wauzwa, ukiutaka wautaka, usipoutaka wausukuma pembeni." Kuanzia siku hiyo, kila mgeni niliyemtoa nilimwambia hilo kabla ya kumuonyesha hata kanisa, na Senhor Rui akawa hanipendi.

Niliwaambia na mengine. Vaa viatu vya soli ya mpira, kwa sababu njia zao zimetandikwa vijiwe vyeupe vinavyong'aa, na mvua ikinyesha kidogo tu utakwenda chini na heshima yako yote. Tramu ya rangi ya manjano ipande asubuhi mapema au usiipande kabisa, na ukiipanda shika mkoba wako. Kile kikeki cha mayai na maziwa kinachochomwa mpaka juu kikapata madoa meusi, kile kuleni, tena kikiwa moto na mdalasini juu yake. Ila wewe Hadia uliza kwanza kama ule unga umekandwa kwa siagi au kwa mafuta ya nguruwe, na usione haya kuuliza, wamezoea. Mwezi wa sita wanachoma samaki wadogo mitaani, moshi unajaa mpaka juu ya mapaa, na samaki huyo huliwa juu ya kipande cha mkate kwa mkono. Hapo nilijiona nipo nyumbani. Na wana samaki mkavu wa chumvi ambaye ndiye roho yao. Madukani amepangwa mmoja juu ya mwenzake kama mbao, na nilipoingia mara ya kwanza katika duka lao nilisimama mlangoni nikavuta pumzi, kwani harufu ile ilikuwa ng'onda mtupu, ng'onda wa kwetu. Wao humroweka maji wakayabadilisha mara nyingi, kisha wakamtia viazi, mayai na mafuta. Nilimnunua, nikamroweka wanavyomroweka wao, nikampika kwa nazi na mhogo kutoka maduka ya Waafrika. Bi Zaituna alionja akanyamaza, akaongeza, akanyamaza tena, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake.

Chakula hicho ndicho nilichokuwa nikichukua kazini. Kwenye ngazi za nyumba ya wageni, baina ya ghorofa na ghorofa, palikuwa na mahali papana kando ya dirisha linaloonyesha mapaa mekundu na kipande cha mto, na pale nilikaa mchana nikala. Sasa kwetu mtu akikukuta unakula unamwambia karibu. Humuulizi kama ana njaa wala humtazami ni nani. Akipita mtu mliyegombana naye jana unamwambia karibu vilevile. Na anayekaribishwa naye anajua la kufanya. Kama hana haja atakujibu ahsante, kula kwa raha, na atapita zake, kila mmoja akibaki na heshima yake. Wageni wa Dona Amelia walikuwa wanajua nusu ya kwanza tu. Wa mwanzo alikuwa mzee wa Kinorwe, mrefu, mjane, anayetembea na kitabu cha ramani ambacho hakukifungua. Alikuwa anapanda ngazi, nikamwambia karibu, naye badala ya kunishukuru na kupita akakaa. Akakaa pale chini, kwenye ngazi, akaniangalia mkono ninavyoutia sahanini, akafanya hivyohivyo. Akatafuna. Akanambia samaki huyu anatoka kwao, yeye ujanani alikuwa akiwaning'iniza samaki hao juu ya miti wakauke kwa upepo, na katika maisha yake yote hajapata kumla kwenye nazi. Nilishangaa sana, sikuonyesha. Kwetu mgeni akikaa ameshakaa.

Kesho yake alirudi na mkate na mwenzake wa chumba cha jirani. Kesho kutwa wakawa wengi. Wengine walileta machungwa, wengine hawakuleta kitu, na mimi nikaanza kupika kwa sufuria kubwa ya Bi Zaituna iliyokuwa imewekwa juu ya kabati tangu alipofiwa na ami yangu. Wakila wananiuliza. Nikale wapi usiku? Mtaa gani una mwonekano mzuri bila ya kulipia? Wanawake wawili peke yao wanaweza kwenda wapi? Niliwajibu ninavyojua, na mikahawa niliyowatajia ilikuwa ile midogo ya uchochoroni ambako chakula huandikwa kwa chaki mlangoni na wanaokula ni mafundi na makarani. Sikumtaja Senhor Rui kwa ubaya. Sikumtaja kabisa. Nasema wazi kwamba siku zile zilinipendeza kuliko zote, na kwamba nilijiona mkubwa, msichana wa Kengeja amekaa ngazini na watu wa nchi ambazo hata ramani ya skuli yetu ilikuwa imechakaa mahali zilipo, wote wamenyoosha mikono kwenye sahani yake.

Siku moja nilikuwa nakunja mashuka katika chumba kidogo nyuma ya ofisi, na ukuta wa pale ulikuwa wa mbao. Nikamsikia Senhor Rui. "Meza zangu tupu mchana," alisema, "na juu kule kunanuka samaki na watu wanakula kwa vidole kama sokoni. Hii ni nyumba ya wageni au kambi?" Dona Amelia akamjibu kwa sauti ya chini kwamba wageni wanafurahi. "Wanafurahi bure," akasema kaka yake. Mchana ule Dona Amelia akaniita. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alinambia kuanzia kesho nile chakula changu ndani ya chumba cha mashuka na mlango niufunge, na nikisikia mgeni anapita ninyamaze. "Ni nusu saa tu," akasema. "Hakuna anayekuonea. Wafanyakazi wote duniani wanakula mahali pao."

Nikarudi nyumbani nina moto kifuani. Kwetu mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha tunamwita kobe, na akigundulika watoto humzomea mpaka kwao. Nje ya Ramadhani sijui sababu ya mtu mwenye akili zake kufunga mlango ili atie tonge mdomoni, isipokuwa chakula ni cha wizi au mwenyewe ni bakhili. Mimi si mwizi, si bakhili, na siku ile sikuwa kobe. Nilimwambia hayo Bi Zaituna jikoni, nimesimama, na yeye anakuna nazi. Hakuinua uso. "Utafunga mlango," akasema. "Utakula. Utafungua mlango. Kibali chako chaisha mwezi ujao na yule mama ndiye wa kutia saini. Watakaje? Wataka chuo au wataka kuonekana ukila?" Nikamwambia sitaki kuonekana, nataka nisifichwe. "Mie nimejificha miaka yote hii," akasema, "na nipo hai." Nilitaka kumjibu kwamba sijui kama ndiyo kuwa hai kwenyewe, nikajizuia kwa adabu, lakini aliyasoma usoni kwangu na akakuna nazi kwa nguvu zaidi.

Nilijaribu. Watu wakinisikia nasimulia hudhani sikujaribu, lakini nilikitaka chuo kile na kesho yake nilijaribu kwa moyo wangu wote. Nilikaa juu ya furushi la mataulo, mlango nimeufunga, taa inawaka mchana kweupe, na sahani mapajani. Chakula kilikuwa kilekile na kilikuwa hakina ladha. Mara nikasikia hatua za mtu kwenye ukumbi. Nilikuwa nimeambiwa ninyamaze, na akili yangu ilikuwa tayari kunyamaza, lakini mdomo haukuiuliza akili. "Karibu!" ukasema, kwa sauti, kupitia mlango uliofungwa. Hatua zikasimama. Nafikiri ni mara ya kwanza katika nyumba ile mtu kukaribishwa chakula na kabati. Mgeni yule, msichana wa Kipolandi, alifungua mlango polepole akanikuta nimekaa baina ya mashuka na mkono wangu una mchuzi, na tulitazamana, kisha sote tukaangua kicheko. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na katikati ya kile kicheko machozi yakabadilika yakawa ya kweli, kwa sababu nilishajua kwamba siwezi. Nikanyanyuka na sahani yangu nikarudi ngazini, kando ya dirisha langu.

Dona Amelia alinikuta pale baada ya siku chache. Wageni walikuwa wametoka, nilikuwa peke yangu. Alipanda ngazi akasimama mbele yangu na funguo zake mkononi, na mimi nilikuwa na tonge njiani, kwa hiyo nikalirudisha nikasema nilichofunzwa. Nikasema, "Karibu, Dona Amelia." Nikasema kwa Kireno chake, na nikaisogeza sahani mbele kidogo kama inavyotakiwa. Naye akajibu. Hakufikiri. Alisema, "Ahsante, kula kwa afya," na mkono wake mmoja ukajiweka kifuani, sawasawa na mwanamke yeyote wa Kengeja anayepita mlangoni kwa mwenzake. Kisha akasikia alichokisema, na uso ukamwiva.

"Kumbe na kwenu mnasema," nikamwambia.

"Kijijini," akasema. "Bibi yangu. Zamani hizo." Alitazama nje dirishani. "Hapa si kijijini."

Basi hapo ndipo nilipokasirika kikweli. Mpaka dakika ile nilikuwa nimemhesabia kwamba hajui, na mtu asiyejua unaweza kumvumilia. Yeye alijua. Bibi yake alimfunza kama bibi yangu alivyonifunza mimi, maneno yalikuwa bado yapo mdomoni mwake yakisubiri mtu wa kumkaribisha, na ndiye aliyeniambia niingie kabatini. Akanambia kwamba kibali changu kinahitaji saini yake na kwamba hatotia saini kwa mtu asiyefuata agizo dogo kama lile. Nikamwambia asitie. Nikaivuta sahani karibu yangu. Nikamwambia, "Usitie, Dona Amelia. Mimi nakula hapa, na nikimaliza nitaosha sahani yangu." Aliendelea kusimama. Nikala. Nilikula kila kilichokuwamo sahanini, tonge baada ya tonge, na kila tonge lilikuwa gumu kumeza, na sikuliharakisha hata moja. Kisha nikaosha sahani, nikamrudishia aproni, nikashuka ngazi. Kesho yake nilikwenda nikasimama mbele ya vioo vya chuo na nikalia mbele za watu, wanafunzi wakinitazama kutoka ndani. Nililia kwa sababu nilikitaka. Sijapata kusema uongo juu ya hilo. Hadi leo sina cheti, ingawa harusi za Kengeja nyingi zimeliwa kutoka kwenye masufuria yangu, na kila nikiona mpishi wa hoteli na koti lake jeupe kuna mahali panaponiuma.

Hadia alinisikiliza mpaka hapo, simu imelala mapajani mwake. "Lakini bibi," akasema, "si ungelifunga tu mlango? Nusu saa!" Nikamwambia nusu saa za maisha yote ni nyingi, mwanangu, na anayekubali ya kwanza huletewa ya pili. Hakuridhika, nilimwona. Ana viza ya kusubiri na ana mengi ya kupoteza, na mimi sikutaka kumtisha wala kumbembeleza. Nikamwambia akifika huko atie macho yake mwenyewe, ale kile kikeki kikiwa moto, na siku ile mtu atakapomwambia ajifiche atajua mwenyewe anachotaka kufanya. Hata Bi Zaituna, nikamwambia, alisema kama wewe. Ndipo nilipomwambia kwamba Bi Zaituna amefariki, na Hadia akashika mdomo, akasema inna lillahi, akaniuliza alikuwa mtu wa namna gani.

Alikuwa mtu aliyenikasirikia. Tangu nilipomwambia kwamba kibali hakuna na kwamba narudi Pemba, hakusema nami isipokuwa ya lazima, chumvi iko wapi na nani kachukua ndoo. Alininunulia tiketi, akanifungia mizigo, akanikunjia kanga zangu vizuri kuliko ninavyozikunja mwenyewe, yote hayo kimya. Ijumaa ya mwisho, mchana, alipika wali wa nazi na yule samaki wao mkavu nilivyompika mimi, akapakua kwenye sinia. Nikakaa mahali pangu pa kawaida, ndani, mbali na mlango. Yeye hakukaa. Alikwenda mlangoni akafungua komeo la juu, akafungua la kati, akafungua la chini, akauvuta mlango mpaka ukagonga ukuta, akauzuia kwa kinu. Kisha akaja akaliburura jamvi pamoja na sinia juu yake mpaka kizingitini, hata pembe moja ya jamvi ikatoka nje ngazini. Akajitanda ushungi vizuri, akakaa, akanionyesha kwa kidevu nami nikae. Nilikaa.

Hatukuanza kula. Tulisikiliza. Baadaye chini kabisa tukasikia mtu anapanda, hatua nzito, na chuma kinagonga ukuta kwenye kila kona. Ni yule anayepeleka mitungi ya gesi majumbani, na siku ile alikuwa na mtungi wa mtu wa ghorofa yetu. Alipotokeza jasho lilikuwa linamtiririka na mtungi uko begani. Bi Zaituna alifungua mdomo, na mara ya kwanza haikutoka sauti. Akakohoa. Kisha akasema karibu kwa sauti kubwa iliyoshuka ngazi zote mpaka chini, na kwenye uwazi wa jengo nikasikia dirisha la mtu linafunguliwa. Yule bwana akalitazama sinia, akatutazama sisi, akautua mtungi taratibu kando ya ukuta, akajifuta mikono kwenye suruali na kuuliza anawe wapi. Bi Zaituna akamwonyesha jikoni bila ya kugeuka, ili nisimuone uso.

"Sogea, Raya," akasema. "Mpishe mgeni akae."